Sikumuuliza Dereva

Mume wa dada yangu alikuwa dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na mimi nilikuwa fundi wa foko hiyo, katika ghala moja la Wete, na kwa karibu mwaka mzima tulifanya kazi bila ya kusemezana. Nalitanguliza hili asije mtu akadhani kwamba yaliyotokea yalitokana na kutojua kazi. Kazi nilikuwa naijua. Nilisomea Unguja, nikashika spana kwenye matrekta na malori miaka kumi na mbili kabla ya mashine ile kuletwa.

Mwenye ghala alikuwa tajiri aliyeingiza mchele, sukari, saruji na bati. Foko aliinunua Dubai ikiwa imeshatumika. Siku iliposhushwa, watu walitoka sokoni kuja kuitazama inavyotia uma wake wa chuma chini ya mzigo na kuunyanyua juu, mzigo ambao siku zote uliingia ghalani juu ya migongo ya mahamali. Haikuwa na pedali ya klachi. Gia zake zilikuwa za otomatiki: ukisukuma mkono mbele inakwenda mbele, ukiuvuta inarudi nyuma, na kazi nyingine yote inafanywa na oili huko ndani. Shemegi ndiye aliyekabidhiwa kuiendesha. Tuliisoma pamoja kwenye kiwanja cha ghala, mimi nimeshika kitabu chake cha Kiingereza, yeye kashika usukani, tukicheka kila iliporuka. Nilimweleza ile konveta, lile duara la chuma lililo baina ya injini na gia: kwamba ndani mna mfano wa mapangaboi mawili yanayotazamana, limejaa oili tupu, la kwanza linazungushwa na injini, na oili inayorushwa na hilo la kwanza ndiyo inayolizungusha la pili.

"Kwa hiyo kinachovuta gari ni oili," akasema.

"Ni oili."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeoneshwa kiinimacho. Alikuwa mwanamme mrefu, mkimya, mwenye mikono mizito, lakini mashine ile aliishika kwa ulaini nisiouona kwa dereva mwengine yeyote. Alikuwa akishuka kutazama chini ya magurudumu kabla ya kurudi nyuma, kwa sababu paka wa ghalani walipenda kulala kwenye joto la injini. Mahamali walimcheka kwa hilo. Hakuacha.

Kisha vikaja vyama vingi vya siasa.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Wete, na karibu kijiji kizima kilikwenda upande mmoja. Baba yangu hakwenda. Alikuwa na kadi yake ya chama tawala tangu ujana wake na alisema amezeeka nayo. Nami nilimfuata baba yangu. Shemegi alifuata wenziwe. Mwanzo ilikuwa ni maskhara ya barazani, mtu akitania rangi ya bendera ya mwenziwe. Baada ya uchaguzi wa kwanza maskhara yalikwisha. Duka la kijijini likawa halituuzii. Mtu ukimtolea salamu anatazama pembeni. Katika msikiti tuliokuwa tukisali tangu utotoni, nikisimama katika safu naona mtu wa kulia kwangu anasogea.

Baba yangu alifariki katika hali hiyo. Kijiji ambacho kila maiti yake ilifuatwa na umati mpaka njia haionekani, yeye tulimzika watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walitoka Wete. Jeneza tulilibeba bila ya kupokezana, maana hapakuwa na wa kumpokeza. Dada yangu alikuja akakaa ndani na mama akilia. Mumewe hakuja. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu, na tulipopita na jeneza niliuona mlango wake umefungwa.

Tangu siku ile sikumwitikia salamu. Alijaribu mara tatu au nne pale ghalani, kisha akaacha. Tukawa tunaambizana mambo ya kazi kupitia kwa karani wa ghala, mzee mpole aliyekuwa akihesabu magunia, ambaye alikuwa akihangaika katikati yetu akisema, "Jamani, mbona mwanitia dhambini?"

Hitilafu ilianza siku za mzigo mwingi wa saruji. Asubuhi foko ilifanya kazi kama kawaida. Ikishafanya kazi saa moja au mbili, ikashika moto, inaishiwa nguvu. Injini inapiga kelele, uma unanyanyua vizuri kabisa, lakini gari lenyewe haliendi, hasa pale penye mteremko wa kuingilia ghalani. Likipumzishwa kidogo linapata nguvu tena.

Nilijilaza chini yake mchana mmoja, juu ya kipande cha boksi, nikitazama kama oili inavuja. Haikuwa inavuja. Nikaona miguu ya shemegi imekuja upande wa pili, asikoweza kuniona, ikasimama karibu na ya karani.

"Mwambie fundi," nikamsikia anasema, "kabla ya kuishiwa nguvu inalia kwanza. Sauti nyembamba, kama ya mluzi, inatokea huku chini kwenye pampu. Ikianza ile, hata sijaibebesha kitu, najua tena. Na hailii ikiwa baridi, yalia ikishika moto."

Miguu ya shemegi ikaondoka. Kisha karani akainama. "Fundi, umesikia?"

Nikaendelea kupapasa mabomba. Nilikuwa nimesikia kila neno.

Fundi yeyote wa mashine ataelewa uzito wa maneno yale. Dereva alikuwa kanipa nusu ya jawabu: pampu inakosa oili ya kunyonya, na inaikosa mashine ikiwa moto tu. Iliyobaki ilikuwa ni kufunga geji ya presha, kumpandisha dereva kitini, kuiendesha saa nzima mpaka ishike moto, nami nimesimama ubavuni pake naitazama sindano na yeye ananiambia anachokisikia. Saa nzima, tukiwa tumegusana mabega. Sikuweza. Nasema sikuweza, lakini kweli yake ni kuwa sikutaka.

Nikafanya vipimo vya kufanya peke yangu. Nilichomoa kijiti cha oili nikakinusa: oili nyeusi, imeungua. Nikapanda mwenyewe, nikaibana breki, nikatia gia ya mbele, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa muda mchache, kuona injini itafika wapi. Ilipanda kupita kiasi kilichoandikwa kitabuni, na kitabu kinasema ikipanda hivyo, basi klachi za ndani zinateleza. Nikaishusha gia nzima chini, nikaifungua. Sahani za klachi ya mbele zilikuwa zimeungua kama mikate iliyosahauliwa jikoni.

Tajiri akaniuliza, "Kilichoziunguza nini?"

Yapo mambo mengi yanayoziunguza. Dereva anayebadilisha mbele na nyuma gari likiwa bado linakwenda anaziunguza. Dereva anayeegemeza mguu kwenye pedali ya kusogelea taratibu siku nzima anaziunguza. Na presha ndogo ya oili inaziunguza. Nilijua yote matatu.

"Uendeshaji," nikasema.

"Niandikie."

Nikamwandikia, kwa hati nzuri, kwamba klachi zimeharibika kwa sababu ya uendeshaji mbaya. Tajiri alikuwa na sababu zake za kutaka karatasi ile. Wakati ule wakubwa wa mji walikuwa wakimuuliza kwa nini ameajiri watu wa upande fulani. Shemegi aliitwa ofisini baada ya sala ya Adhuhuri, na hata Alasiri haijaadhiniwa akawa hana kazi. Nilikuwa naosha sahani zile kwa mafuta ya taa alipopita na shati lake la kazi mkononi. Alisimama. Nadhani alikuwa na la kusema. Nami niliendelea kuosha.

Dada yangu alikuja nyumbani siku ya pili. Yeye ndiye mdogo wetu, na tangu kufa kwa baba alikuwa hakai bila ya kuja kumtazama mama. Alimsalimia mama, kisha akaja kusimama mlangoni pangu, mtoto wake wa mwisho kamweka kiunoni.

"Kaka, lile gari ulilitazama kweli?"

"Nililitazama."

"Nakuuliza kwa Mungu. Ulilitazama gari au ulimtazama yeye?"

"Kaliendesha vibaya. Mashine haisemi uwongo."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Haya," akasema. "Miye si fundi."

Shemegi alikaa miezi miwili akitafuta kazi. Kwa upande wake hapakuwa na ajira, na kwa upande wetu hakuna aliyemtaka. Akapanda boti ya mizigo akenda Tanga, akamwacha mke na watoto watatu. Alisema atawaita.

Sahani mpya zilikuja, nikafunga gia, foko ikaenda. Tajiri akaleta dereva mwengine, kijana mtaratibu kutoka Chake. Baada ya siku chache tu ikarudi hitilafu ile ile. Asubuhi iko sawa, mchana haina nguvu. Nikashusha gia tena, na sahani mpya zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi.

Nakumbuka nilikaa juu ya ndoo ya oili na sahani moja mkononi. Yule kijana sikuweza kumwandikia kitu. Nilikuwa nimemsimamia kila siku, na alikuwa akiendesha kama anayebeba mayai.

Basi nikafunga geji. Nikampandisha kijana, tukaiendesha saa nzima na zaidi. Ilipokuwa baridi sindano ilisimama pale inapotakiwa. Ilipochemka, nikausikia ule mluzi. Mwembamba, unatokea chini kwenye pampu, vile vile alivyosema. Na sindano ikaanza kushuka huku naitazama.

Nilibadilisha filta, haikusaidia. Nikafungua pampu, ilikuwa nzima. Kilichobaki ulikuwa ni mpira wa kunyonyea, ule unaopeleka oili kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, urefu wake hauzidi mkono wa mtoto. Kwa nje ulikuwa kama mpya. Nikauchana kwa kisu urefu wake. Ndani, ngozi yake ilikuwa imebanduka. Mpira ukiwa baridi, kile kipande kilichobanduka kinakuwa kigumu, kinalala ubavuni, oili inapita. Ukishika moto kinalainika, pampu inakinyonya, kinaziba njia. Pampu inalia kwa kukosa oili, presha inaanguka, klachi zinateleza, zinaungua. Basi. Tangu siku ya mwanzo ilikuwa ni hicho tu.

Nilifunga mpira mwengine, nikaenda kwa tajiri na ule mbovu. Alikuwa akipiga hesabu zake, akautazama kama mtu anavyotazama kitu kilichookotwa njiani. "Sasa imepona?" akauliza. Nikamwambia imepona, lakini yule dereva wa mwanzo hakuwa na kosa. "Fundi," akasema, "karatasi uliandika weye." Akarudi kwenye hesabu zake.

Dada yangu nilimkuta uani kwake, amekaa na wanawake wawili wa jirani wanachambua karafuu, wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Wale majirani waliponiona walitazama pembeni, mmoja akajifunika uso kwa kanga. Nikamwambia mbele yao. Sikuomba tuingie ndani. Nilimweleza habari ya mpira, na mluzi, na karatasi.

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Karafuu huku, makonyo kule.

"Weye, miye wanambia ya nini?" akasema mwisho. "Kamwambie yeye."

Tanga nilikwenda wiki ile ile. Niliuchukua ule mpira nimeufunga kwenye gazeti. Nilimtafuta siku mbili, nikiulizia kwa Wapemba wa huko, mpaka nikaelekezwa sokoni. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa viazi, kainama, kifua wazi. Amekonda mpaka shingo imerefuka. Aliposimama kupangusa jasho akaniona, na jambo la kwanza alilosema ni, "Nani kafa?"

"Hapana aliyekufa. Wote wazima."

Akashusha pumzi. Akanichukua kwenye hoteli ndogo ya chai, akaagiza vikombe viwili na mkate, akanisogezea mimi mkate wote. Niliufungua mzigo wangu juu ya meza. Alitia kidole ndani ya mpira, akaigusa ile ngozi iliyobanduka, akaisukuma huku na huku.

"Ni hii?"

"Ni hii. Ikishika moto inaziba."

"Ndiyo ikawa inalia."

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata jawabu la kitu kilichomsumbua. Uso wake ukafunguka, na kwa dakika ile nilimwona yule wa zamani, wa kiwanjani, kashika usukani. Akasema, "Unajua, miye sikukulaumu weye. Nilimlaumu yule mzee karani. Nilisema kasahau kukwambia. Kila siku nilikuwa nasema, lau angelimwambia fundi maneno yangu, fundi angeliijua. Kwa sababu kazi waijua."

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyamaza. Lakini nilikuwa nimevuka bahari kwenda kusema kweli na nilijiona sina haki ya kusema nusu yake.

"Karani hakusahau. Nilikuwa chini ya gari. Nilikusikia mwenyewe."

"Ulinisikia?"

"Kila neno."

Hakukasirika. Lau angekasirika ningepata pa kushika. Aliufunga mpira ule kwenye gazeti, taratibu, akakunja ncha kama ulivyokuwa, akanisogezea. Chai yake ikapoa. Mwisho akasema, hali anatazama nje mkokoteni wake:

"Siku ya maziko ya mzee, nilivaa kanzu. Nilivaa na kofia. Nikasimama nyuma ya mlango. Walikuwa wameshaniambia kwamba nikitoka, watoto wangu hawatopata hata maji ya kisima. Nikaogopa, yakhe. Mzee wako alinipa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na miye sikulishika hata jeneza lake. Nikawa nawasikia mnapita. Kwa hiyo hili la gari, nilijua nina la kulipa. Lakini nilidhani umekosea. Sikudhani kuwa umekusudia."

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa umekauka kama ubao. Nikamwambia arudi, nitazungumza na tajiri, nitalipeleka suala lake kwa sheha wa kijiji, kwa yeyote. Akasema, "Nitaangalia baada ya Idi." Akanisindikiza hadi njia panda, akarudi kwenye viazi vyake.

Idi ilikuja ikapita. Mwezi uliofuata abiria mmoja wa boti alileta barua. Dada yangu aliisoma, akaja nayo kwangu, akanipa. "Soma nawe," akasema.

Ilikuwa fupi. Alimwacha dada yangu kwa talaka moja. Aliandika kuwa mkewe hakumkosea kitu tangu siku alipomwoa, na kwamba watoto ni wake na atawatazama kwa atakachokipata. Aliandika kuwa hawezi tena kurudi kukaa kijijini baina ya watu wa upande wake na watu wa upande wa mkewe, na hataki kumweka mtoto wa watu akisubiri mlango usiofunguka. Jina langu halikuwamo.

Talaka moja ina rejea: mume anaweza kumrudia mkewe kabla ya eda kwisha. Dada yangu aliijua sheria yake, akaihesabu eda miezi mitatu, na kila siku ya boti alikuwa anamtuma mtu bandarini kuuliza kama kuna salamu. Hakuna aliyemzungumzia kuhusu hilo, na yeye hakumzungumzia mtu. Eda ilipokwisha alikwenda akachukua vyombo vyake na watoto, akarudi kwetu kwa mama. Walikuja watu kumposa, wawili niwajuao. Aliwajibu kwa adabu kwamba hana haja.

Mimi niliendelea na foko ile miaka mingine sita. Nilijiwekea sharti kwamba siifungui mashine yoyote mpaka nikae na dereva wake anieleze kutoka mwanzo hadi mwisho. Mafundi wenzangu walinisifu kwa hilo, wakidhani ni ustadi.

Miaka ikaenda, chaguzi nyengine zikaja na kupita, kwa taabu zake. Kisha wakubwa wa vyama wakapatana. Ghafla kijijini watu wakaanza kutembeleana. Mwenye duka, aliyekuwa hatuuzii, alikuja kutualika harusi ya mwanawe, akanikumbatia, akasema yale yalikuwa ni mambo ya shetani tu. Nikampa mkono. Dada yangu alikuwa akifagia uwanja, akautia ufagio chini ya kwapa, akaingia ndani.

Shemegi alifia Tanga, kwa homa ya siku chache. Hakuwa ameoa tena. Habari ilitufika siku ya tatu, ameshazikwa. Mwanawe mkubwa, mwanamme mzima sasa na mrefu kama babake, alivuka kwenda kusoma dua kaburini. Watu walijaa barazani kwetu kwa tanzia, pande zote, mpaka tukaazima majamvi kwa jirani.

Dada yangu hakuwa na eda ya kukaa. Alikuwa mwanamke aliyeachwa miaka mingi, na mwalimu wa msikiti alimweleza kwa upole kwamba sheria haimdai kitu. Alimsikiliza, akamshukuru, kisha akaingia chumbani akavaa nguo nyeupe, akakaa. Alikaa eda kamili ya mjane, miezi minne na siku kumi, hakutoka nje ya nyumba. Kila asubuhi nilikuwa nampelekea maji ya kutilia udhu na kuiweka ndoo mlangoni, nikimuuliza kama ana haja ya kitu.

"Sina," alikuwa akisema. "Ahsante." Nami nilikuwa nakwenda zangu kazini.